Hatua Arobaini Chini ya Ardhi

Kambi ya Wafanyakazi wa Mgodi,
Geita, Jimbo la Ziwa.
Jumatatu, 14 Juni 1954.

Mpendwa mdogo wangu Selestine,

Nakusalimu kutoka huku vilimani, wewe na shemeji yangu Bernadina na wote wanaolala chini ya paa lako. Naomba barua hii iwakute wazima. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba masika ya mwaka huu yamelitonesha hata ukashindwa kupanda ngazi za ghala kule bandarini. Lisugue kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, wala usione haya kushika fimbo. Umri wa fimbo tumeufikia sote wawili. Na mwanao Paskalia je, amejifungua salama? Tangu Aprili nangoja habari zake.

Mimi mzima kwa kadiri. Macho yamepungua nguvu, na siku hizi nasoma nikiwa nimevaa miwani mbili kwa pamoja, jambo ambalo huwafurahisha sana watoto wa kambini. Vumbi la kiangazi limeniletea kikohozi cha asubuhi. Pamba imeanza kuvunwa, malori yanapita yamejaa mpaka juu, na miiba ya kando ya barabara imenasa vipande vyeupe kama mtu aliyeanika nguo zilizochanika.

Barua yako ya Pasaka ninayo hapa mezani. Uliniuliza jambo moja tu: kama mtu aliyeondoka kwetu akiwa kijana, akakaa pwani zaidi ya miaka thelathini, anaweza kurudi Shinyanga akaishi na watu wake. Nimekawia kujibu kwa sababu sikutaka kukudanganya. Leo nakujibu, lakini nitakujibu kwa kukueleza yaliyompata mwanangu Donatus. Ukiona herufi zimepinda, usidhani ni uzee peke yake. Naogopa, Selestine. Sijaogopa hivi tangu tulipokuwa wapagazi wa vita.

Donatus ameteremka mgodini saa moja asubuhi. Atapanda saa tisa. Sasa ni saa tatu, na sina kazi nyingine ninayoiweza katika saa hizi sita ila kukuandikia.

Unajua alivyokulia. Alizaliwa Tanga, mama yake marehemu Scolastika alikuwa Mbondei, na ua wake wa kuchezea ulikuwa ua wa kiwanda cha chapa, mahali nilipopanga herufi za risasi miaka ishirini na sita. Pale kiwandani, kama ukumbukavyo, aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyesoma karatasi ya kwanza kwa sauti, na fundi mkuu akasahihisha mbele ya watu. Donatus mwenyewe alipata kuifanya kazi hiyo. “Mzee, mstari wa nne umeruka neno.” Fundi aliinama, akatazama, akachomoa herufi, akasema, “Ahsante, bwana mkubwa,” nasi sote tukacheka. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Kitabu kilitoka kizima, basi.

Tulipokuja huku mwaka 1949 alipata kazi kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, na baada ya mwaka mmoja akampenda Limi. Baba yake Limi ni Maduhu, nyapara wa kundi moja la wachimbaji, mtu wa upande wetu wa Kagongwa. Aliposikia sisi ni watu wa kwao alifurahi. Lakini siku tuliyompeleka Donatus ukweni kwa mara ya kwanza, mwanangu alimwendea mzee kwa furaha, akamtazama usoni, akanyoosha mkono. Wanawake walifunika nyuso. Shangazi mmoja akapiga kelele: “Yaya, yaya, hapana! Huyu anamkamata mkwe kama anakamata kuku!” Tulitolewa nje, tukakaa kando ya zizi mpaka jua likashuka, bila kuletewa hata maji. Kutoka siku ile wakamwita Mswahili.

Niliona aibu kubwa. Si kwa ajili yake, ila kwa ajili yangu, kwa kuwa desturi ile mimi nilizaliwa nayo na sikumfundisha. Basi nikamfundisha. Nilichukua miezi sita. Nilimwambia: ukimwona mkweo mbele yako, acha njia, upite majanini. Usimtazame machoni. Usitaje jina lake hata akiwa mbali. Usile mbele yake. Usianze kusema naye. Na kama una neno la lazima, mtafute mtu wa tatu umwambie yeye, naye ampelekee mkweo, hata kama mkweo amesimama pale pale na amekwisha kusikia.

Hilo la mwisho lilimchekesha.

“Baba, kama ananisikia, huyo wa tatu ni wa nini?”

Nikamjibu kwa ukali kwamba ni wa heshima, na kwamba asirudie kuuliza.

Alijifunza vizuri kuliko nilivyotaka. Katika kambi nzima hapakuwa na mkwe aliyesifiwa kama yeye. Walioana kanisani mwaka 1951, wana binti mmoja, Paulina, na sasa Limi ana mimba ya miezi saba.

Mwezi wa Machi, Mzungu wa zamu alimtoa Donatus kinuni akamtia katika kundi la Maduhu, chini ya ardhi. Donatus alikuja kwangu jioni ile ile kuniuliza kama anaweza kukataa. Nakuandikia jibu langu kama nilivyolitamka, maana halitoki kichwani mwangu: “Utamweleza nini Mzungu kuhusu mkwe? Nenda ukafanye kazi, na ulimi wako uutunze kama nilivyokufundisha.”

Katika kundi lile alikuwamo Mageni, Mzinza wa Buseresere, mcheshi sana, mwembamba, na kicheko chake kilisikika kambi nzima. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo kati ya Donatus na mkwewe. Wenzao walinieleza jinsi walivyokuwa wakisemezana kule chini, watu wawili ambao wangeweza kushikana mikono bila kupiga hatua.

“Mageni, mwambie mzee toroli limejaa.”

“Mzee, mkweo anasema toroli limejaa. Nami naongeza kwamba tumbo langu tupu.”

“Mwambie alisukume.”

“Donatus, umesikia, au nikutafsirie kwa Kizinza?”

Kila siku alidai ugoro kidogo kutoka kwa kila upande kwa ajili ya kazi hiyo, naye Maduhu, ambaye hacheki ovyo, alimpa huku akitazama pembeni ili asionekane anatabasamu.

Alhamisi ya tarehe 27 Mei waliteremka kama kawaida. Zamu ya usiku ilikuwa imepiga baruti. Maduhu alitangulia kukagua, akasimama mwisho wa njia, chini ya paa la mwamba, mkononi ana nondo yake ya kugongea mawe. Donatus alikuwa nyuma yake hatua nne, na taa. Mageni alikuwa amekwenda kugeuza toroli. Wengine wawili walikuwa bado wanapokea magogo karibu na kizimba cha kuteremshia watu.

Donatus aliona vumbi likishuka kando ya nguzo ya kati, jembamba, kama unga unaochekechwa. Kisha akasikia gogo likilia, sauti ya mtu anayevunja kuni kwa goti.

Hatua nne, Selestine. Neno moja lingetosha. Mwanangu, aliyezoea kumwambia fundi mkuu mbele ya watu kwamba amekosea, aligeuka akaenda kumtafuta Mageni. Zilikuwa hatua arobaini. Alizihesabu baadaye, walipokuwa wakisafisha mahali pale.

“Mageni, mwambie mzee atoke, paa linashuka!”

Mageni hakuwa na mkwe pale, kwa hiyo alikimbia. Alimfikia Maduhu, akafungua mdomo, akasema, “Mzee, mkweo anasema,” na mwamba ukaja. Maduhu alirushwa ukutani akachubuka bega. Mageni alibaki chini. Walimfukua kwa muda wa saa nzima, akafa hospitali ya mgodi kabla ya saa nane mchana.

Tulimzika Buseresere. Mjane wake, Zipora, alimwuliza Donatus kitu kimoja tu, mbele ya kaburi: “Wamesema jiwe lilimkuta akiwa anasema. Alikuwa anasema nini?” Nilimjibia mimi kwamba alikuwa anamwokoa mtu. Ni kweli, lakini niliona kwamba mama yule alijua kuwa nimempa nusu ya jibu.

Bwana mkaguzi alikuja akaandika katika daftari lake ukubwa wa jiwe na umri wa magogo. Alimwuliza Donatus alikuwa wapi. Donatus alisema alikuwa amekwenda kumwita mwenzake. Kwa nini alikwenda kumwita mwenzake, hakuulizwa, na hata angeulizwa, Maduhu alikuwa ameketi katika chumba kile kile, kwa hiyo asingesema. Jambo likaandikwa ajali, likafungwa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu imekuwa kimya. Donatus anakula kama mtu anayelipishwa kila tonge. Limi anamtazama, kisha anatazama ukuta. Nami nakaa na vitabu vyangu bila kufungua hata kimoja.

Ijumaa iliyopita lilitoka tangazo: pale mahali pamesafishwa, magogo mapya yamewekwa, na Jumatatu kundi lile lile litarudi pale pale, chini ya nyapara yule yule. Jioni tulipokuwa tunakula Donatus alisema, bila kupandisha sauti:

“Baba, Jumatatu nikiona vumbi, nitamwita kwa jina lake.”

Limi alikuwa mlangoni na sufuria. Aliiweka chini taratibu sana. Unajua maana yake. Mkwe kutaja jina la mkwe, mbele ya wafanyakazi, tena kwa kumwamuru, kwa watu wa Maduhu hilo si kosa la kufutwa kwa maneno. Baba zake wadogo na wakubwa walioko Kagongwa watakuja wamchukue binti yao, na mtoto, na huyo aliye tumboni.

“Ukimwita, watanichukua,” Limi alisema. “Usipomwita, nitafiwa na baba. Chagua unalotaka, mume wangu. Mimi nitakuchukia kwa lolote.”

Halafu akaingia ndani, tukamsikia anamwimbia mtoto.

Jana, baada ya Misa, nilikwenda kwa Maduhu. Sisi wazazi wa pande mbili tunaruhusiwa kusemezana. Nilimkuta uani, ameketi juu ya kigoda, bega limefungwa kitambaa, ananoa jembe kwa mkono mmoja. Tulipeana salamu ya kwetu, mwangaluka, kwa kirefu, tukaulizana ng'ombe ambao mimi sina, na mvua ambayo haiji mwezi wa Juni. Kisha akaweka jembe chini.

“Umekuja kwa sababu ya kesho,” alisema.

“Nimekuja kwa sababu ya hofu, baba Limi.”

“Yako au ya kijana?”

“Yangu. Ya kijana imekwisha geuka kuwa kitu kingine.”

Nilimwuliza waziwazi: mkweo akikusemesha kule chini, utafanyaje? Mkewe alipita na kapu la karanga, naye Maduhu akangoja mpaka amefika mbali.

“Alikwambia kwamba alilisikia gogo?”

“Aliniambia.”

“Nami nililisikia. Kabla yake. Niko mgodini tangu mwaka wa kwanza, nisilisikie gogo?”

Nilidhani masikio yangu yamezeeka kama macho. Nikamwuliza kwa nini basi hakutoka.

“Mbele yake?” Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni. “Nitoke mbio kama mbuzi, na taa ya mkwe wangu inanimulika mgongoni? Nilikuwa natoka, baba Donatus. Natoka taratibu. Nilipiga hatua moja, nikagonga ukuta na nondo, kama mtu anayekagua. Nikapiga ya pili, nikagonga tena. Nikasema moyoni, huyu kijana akigeuka kidogo tu, nitakimbia. Na kweli akageuka. Akaondoka. Lakini nikafikiri, atarudi sasa hivi atanikuta nakimbia. Ndipo Mageni akaja.”

Alijifuta uso kwa ule mkono mzima. Siku kumi na saba nilikuwa nimelala na kosa la mwanangu, nikiligeuza upande huu na upande huu, kumbe kosa lilikuwa na mwenzake, limesimama hatua nne mbele, linagonga ukuta na nondo.

“Mwambie,” Maduhu alianza, akakatisha. Nadhani naye aliona kwamba ananifanya Mageni. Aliokota jembe akaliweka tena. “Hapana. Usimwambie kitu. Akiona, aseme. Nitasikia.”

“Na ndugu zako wa Kagongwa?”

“Ndugu zangu hawashuki mgodini.”

“Wakiletewa habari, utawaambia ulimruhusu?”

Alisema, “Sijui nitakuwa mtu wa namna gani nikiitwa jina na mkwe wangu. Sijawahi kuwa mtu huyo. Usinidai ahadi yake.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu zaidi kuliko nilipokwenda. Njiani nilimkumbuka Maduhu huyu huyu, jinsi anavyosimama kila asubuhi mbele ya Mzungu wa zamu, kijana wa miaka ishirini na sita, kofia mkononi, akiitwa “boi”, na anavyoitika. Akivaa kofia yake na kushuka chini anakuwa mtu asiyetazamwa usoni. Na kijana yule wa Kizungu nimemwona mimi mwenyewe mbele ya bwana mkubwa wake, amekunja mikono nyuma, ana jambo la kusema na halisemi. Kila mmoja ana mtu wa kumkalia kimya na mtu wa kumnyamazisha.

Usidhani naisifu pwani. Unakumbuka Tanga mimi na wewe tuliingilia mlango wa nyuma, kwa kuwa tu watu wa bara, na tukawaamkia shikamoo watoto waliokuwa wadogo kuliko sisi kwa sababu ya ukoo wao. Tulifanya hivyo miaka mingapi bila kuuliza? Nami bado napenda kuamkiwa, Selestine. Mtoto wa jirani akipita bila kuniamkia moyo unaniuma, hata leo, hata baada ya haya yote. Sijui nichore wapi mstari, nikisema heshima hii ibaki na ile iondoke. Ninalojua ni kwamba kuna mahali heshima inapaswa kutuliwa chini kama mzigo, kwa muda ule tu wa jiwe kuanguka, na sisi hatukufundishwa namna ya kuitua. Sikumfundisha mwanangu. Nilimfundisha kuibeba tu.

Ni saa saba sasa. Nimekwenda mara mbili mpaka kwenye mlango wa kambi, kama kwamba kutoka pale naweza kuona chini ya ardhi. Kilima kimetulia. Limi anapepeta mtama, anapepeta ule ule aliokwisha upepeta.

Saa kumi na moja.

King'ora kililia saa tisa, kile cha kumaliza zamu, si kile kingine cha ajali. Donatus amerudi. Ameoga, ameketi, amenieleza. Nakuandikia alivyoniambia, bila kuongeza.

Yapata saa tano Maduhu alikuwa amesimama mwisho wa njia, na Donatus yuko nyuma yake na taa. Donatus akaona vumbi. Lile lile jembamba, kando ya nguzo mpya. Anasema alitaka kusema “mzee”, na alitaka kusema “baba”, na kilichotoka mdomoni si kimoja wala kingine.

“Maduhu! Toka!”

Na Maduhu alitoka. Alitupa nondo akakimbia, mtu wa miaka sitini, akampita Donatus mabega yakagongana, na wote wakakimbia mpaka kwenye kizimba. Wakasimama pale pamoja na wenzao wawili, wakingoja mwamba uje.

Haukuja.

Walingoja nusu saa. Mzungu wa zamu akaitwa, akaenda kugonga paa kwa chuma, akarudi akasema mwamba ni imara. Kabari ya gogo jipya ndiyo iliyokuwa inakaa sawa na kumwaga vumbi. Alicheka. Wale wawili nao wakacheka, na mmoja wao akasema, “Leo mkwe amemfukuza mkwe!” Maduhu hakucheka. Hakumtazama Donatus. Alirudi mahali pake, akaokota nondo, akafanya kazi mpaka king'ora.

“Baba, jiwe halikuanguka,” Donatus aliniambia.

“Ndiyo.”

“Ningependa lingeanguka.” Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyetukana.

Limi alikuwa anasonga ugali, ametupa mgongo. Aliuliza bila kugeuka:

“Alitoka kwa miguu yake?”

“Kwa miguu yake.”

“Polepole?”

“Mbio, mama Paulina. Mbio kabisa.”

“Baba yangu alikimbia,” Limi alisema. Mwiko ulisimama. Mabega yake yalianza kutikisika, na mpaka sasa sijajua kama alikuwa anacheka au analia. Donatus alinyanyuka akaenda kusimama karibu naye.

Sasa unaelewa hofu yangu ilivyo. Kama jiwe lingeanguka, Donatus angekuwa mtu aliyemwokoa mkwewe, na hata watu wa Kagongwa wangepata pa kusimama. Jiwe halikuanguka. Limebaki jina tupu, limetajwa kwa nguvu mbele ya watu, na mzee mmoja amekimbia bila sababu. Mmoja wa wale waliocheka ana dada yake Kagongwa, na lori la Kahama linaondoka Jumatano. Nadhani ifikapo Jumapili tutakuwa na wageni, na hawatakuja kunywa togwa.

Kwa hiyo naomba kwako jambo, ndugu yangu. Ikiwa itabidi Donatus aondoke huku, na ikiwa Limi atakubali au ataruhusiwa kwenda naye, je, kile chumba cha uani, ulichokuwa unaweka nyavu, kinaweza kuwapokea? Ana mikono mizuri, na herufi hajazisahau. Nijibu kwa simu ya maandishi, usingoje posta. Andika neno moja tu, kipo au hakipo.

Kuhusu swali lako la Pasaka: usiuze nyumba yako bado. Njoo kwanza utembee, ukae mwezi mzima, uone kama ulimi wako unaweza kukaa kinywani kwa namna ya huku. Mimi sitaondoka. Maduhu hana mtu mwingine wa kusemezana naye.

Nisalimie sana shemeji Bernadina, na Paskalia na huyo mgeni mdogo kama amekwisha fika, na mwanao Eustace akirudi kutoka melini. Msalimie pia fundi wetu mkuu wa chapa, kama Mungu bado anamweka. Limi, Donatus na mjukuu wangu Paulina wanakusalimu. Mungu alifunike paa lako, na haya yetu ya huku ayaegemeze kwa mkono wake.

Jumapili watakapokuja nitaketi upande wa Donatus. Najua swali la kwanza litakuwa lipi, kwa maana nimelisikia tangu utoto: nani aliyemfundisha kijana huyu utovu wa adabu? Nitasema ni mimi. Nitakuwa nasema uongo, Selestine, kwani mimi nilimfundisha adabu, na Mageni yuko Buseresere.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukuwaza daima,

Thobias Bujiku